Mvinyo, Dawa na Sharubati: Uhakiki wa Istilahi za Vinywaji vya Kuchanganya

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zilizotumika katika mswada mmoja mfupi, wa kurasa kumi na mbili, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wenye nyumba za kulaza wageni huko Kolo, wilayani Kondoa. Mswada unaeleza namna ya kuchanganya nyumbani vinywaji vya matunda na vodka kwa vitu vya bei nafuu. Huenda baadhi ya wasomaji wetu, hasa waalimu, wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa hapa. Sisi hatuoni hivyo. Mtu asomaye sheria asipoelewa neno humwendea mwanasheria. Mtu asomaye maelekezo ya kinywaji hamwendei yeyote, bali humimina.

Kolo ipo kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha kwa kupitia Kondoa na Babati. Wageni hufika huko kutazama michoro ya miambani, ile ambayo Louis na Mary Leakey waliinakili mwaka 1951, na ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni hao hutaka kinywaji baridi jioni, na wenyeji hupenda kuwaandalia. Lakini wenyeji wengi wa huko ni Waislamu, na kinywaji cha matunda katika nyumba zao hunywewa na wote, watoto kwa wazee. Kwa hiyo jina la kinywaji huko si pambo. Jina ndilo limwambialo mtu kama anaweza kunyoosha mkono au auzuie.

Tuanze na kichwa cha mswada: “Kutengeneza Vodka ya Matunda Nyumbani”. Mfasiri alikusudia kuchanganya vodka iliyokwisha nunuliwa dukani pamoja na maji ya matunda. Alichokiandika ni jambo jingine kabisa. Kutengeneza vodka ni kukeneka, yaani kuchemsha kimiminika kilichochacha, kuukusanya mvuke wake na kuupoza hata uwe kileo kikali. Kazi hiyo ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 1966, Sheria Na. 62, ambayo hata katika maandishi yake ya Kiingereza ilichukua neno letu “moshi” na kuliweka katika jina lake. Mtu akeneke bila leseni atakuwa ametenda kosa, na juu ya kosa hilo kuna hatari ya sumu ya methanoli, ambayo haionekani kwa macho wala haitambulikani kwa ulimi. Kitenzi kimoja kilichochaguliwa bila uangalifu kimegeuza kijitabu cha ukarimu kuwa, kwa maneno yake yenyewe, mwongozo wa kupika gongo. Kitenzi kilichotakiwa ni “kuchanganya”, nacho kila mtu anakijua.

Makosa ya namna hii husahihishwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Linalotusumbua zaidi ni neno “mvinyo”.

Neno hili tulilipata kwa Wareno, nalo kwao lina maana ya kileo cha zabibu. Lilipoingia katika Kiswahili lilipanuka, likawa jina la kila kileo kikali kilichokuja kwa meli. Hata leo maana hizo mbili zinaishi pamoja bila kugombana, maadamu watu wanazungumza tu. Katika mkoa wa Dodoma, ambako zabibu hulimwa, mtu asemapo mvinyo watu huelewa kileo cha zabibu, na magazeti huandika “mvinyo wa Dodoma” pasipo mashaka yoyote. Kwingineko mtu husema mvinyo akimaanisha wiski au brandi. Mfasiri wetu ametumia maana zote mbili katika mswada mmoja. Ukurasa wa tatu mvinyo ni wa zabibu. Ukurasa wa saba, tulipolinganisha na maandishi ya asili, tuligundua kwamba mvinyo ni vodka.

Na tuhesabu. Bilauri ya mililita 150 ya kileo cha zabibu chenye nguvu ya asilimia 12 ina mililita 18 za alkoholi. Bilauri hiyo hiyo ikijazwa vodka, ambayo kwa kawaida huwa na asilimia 40, ina mililita 60. Msomaji wa Kolo aliyezoea usemi wa mkoa wake, akiisha kujifunza katika ukurasa wa tatu kwamba bilauri moja ya mvinyo haidhuru, atafika ukurasa wa saba na kumpa mgeni wake zaidi ya mara tatu ya kile alichodhani anampa. Au atafanya kinyume chake, atie cha zabibu mahali pa vodka, na kinywaji kikose ladha. Hilo halina madhara, lakini bado ni tafsiri mbaya.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi yoyote yenye vipimo, kileo cha zabibu kiitwe “divai”, neno ambalo limo katika lugha yetu siku nyingi na ambalo halijawahi kumpotosha mtu. Vile vilivyopitia mvuke viitwe “vileo vya kukenekwa”, ama kwa ufupi “vileo vikali”. Hatusemi kwamba mvinyo lifutwe. Lina kazi yake katika mazungumzo, katika ushairi na katika matangazo ya biashara ya Dodoma, wala baraza la lugha halina askari wa kulikamata. Tunalolikataa ni kulipa neno hilo kazi ya kupima.

Kuna waliotuuliza kwa nini isitumike “pombe kali” moja kwa moja. Usemi huo unafaa katika maonyo na matangazo ya afya. Lakini mfasiri wetu, kwa hekima, ameliepuka neno “pombe” katika mswada wote, nasi tunamuunga mkono. Pombe kwa watu wa Kolo ni ile ya nafaka, ya mtama au uwele, ambayo tangu zamani imekuwa na nafasi katika matambiko ya Mungomi wa Kolo, palipo na mojawapo ya miamba yenye michoro. Kuichanganya pombe hiyo na chupa ya dukani chini ya jina moja kungeleta maana zisizotakiwa.

Ama kuhusu usemi “vodka, au konyagi, au chochote kikali”, hapo hatuwezi kunyamaza. Konyagi ni neno lililotokana na jina la mji wa Cognac, Ufaransa, ambako hukenekwa brandi ya zabibu, lakini konyagi iliyo maarufu Tanzania ni kileo cheupe chenye asilimia 35, nacho kinaweza kushika nafasi ya vodka bila taabu. Hiyo ni tafsiri njema, maana inampa msomaji kitu anachokipata kwa bei anayoimudu. Lakini “chochote kikali” ni nini? Gongo ni kikali. Spiriti ya kuwashia taa ni kali. Mfasiri asiongeze neno la ukarimu ambalo mwandishi wa asili hakulisema.

Sasa tuje kwenye majina ya vinywaji vyenyewe, ambako ndiko kwenye utajiri na ndiko kwenye hatari. Kiingereza kina neno moja kwa vinywaji vya aina hii, neno lililoundwa kwa jogoo na mkia, na mfasiri alipofika hapo aliamua kulipasua na kuandika “mkia wa jogoo”. Tunadhani kwamba hata yeye alicheka. Mahali pengine ameandika “kokteli”, ambalo limekwisha zoeleka mahotelini na halina ubaya wowote. Mahali pengine tena, akitafuta Kiswahili safi, ameandika “sharubati ya wakubwa”.

Hili la tatu ndilo baya kuliko yote, ingawa ndilo zuri masikioni. Sharubati ni kinywaji cha matunda kisicho na kileo. Neno lenyewe lilitufikia kutoka kwa Waarabu likiwa na maana hiyo, nasi tumelijenga kwa miaka mingi, mashuleni na maofisini, ili lishike nafasi ya “juisi”. Tukilitia vodka leo, kesho mzee atakayekaribishwa sharubati atalazimika kuuliza kwanza ni sharubati ya nani. Neno lenye kuaminiwa ni kama kisima: hakuna haja ya kukitumbukiza kitu ili kujua kina chake.

Vivyo hivyo “dawa”. Kuna kinywaji mashuhuri cha vodka, ndimu na asali, chenye kijiti cha kuponda ndimu ndani ya bilauri, ambacho jina lake la Dawa limeenea kutoka mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Kwa mgeni asiyejua Kiswahili jina hilo ni mzaha mtamu. Kwa mama wa Kolo, asali na ndimu ndiyo dawa ya kikohozi ya mtoto wake, na katika mikahawa mingi dawa ni maji ya moto yenye tangawizi, ndimu na asali, basi. Mswada unaandika “Dawa” kwa herufi kubwa bila neno jingine. Jina la biashara haliwezi kufutwa, na hatudai lifutwe. Lakini katika maelekezo ya nyumbani liandikwe “Dawa ya vodka”, hata likisomwa kwa sauti kutoka chumba cha pili aliyeko jikoni asikie vodka.

Kwa jina la jumla tunapendekeza “mseto wa kileo”. Mseto ni neno letu la zamani, la chakula kilichochanganywa na kupondwapondwa, nalo lina uhusiano na kitenzi “seta”. Siku hizi limekwenda mbali hata likafika serikalini. Linasema mchanganyiko, na neno “kileo” linasema kilichomo. Kokteli liendelee katika orodha za mahoteli kwa wapendao.

Vipimo vya mswada vimetushangaza. Neno la Kiingereza la kipimo kidogo cha kileo, ambalo pia lina maana ya kufyatua bunduki, limefasiriwa “risasi”, hata tukasoma kwamba kinywaji kimoja kinataka “risasi mbili”. Neno la mabaa yetu ni “toti”, lakini toti ya baa moja si toti ya baa nyingine, kwa hiyo iandikwe mililita. Ukurasa wa tisa unapima kwa “kiroba kimoja”. Viroba vya plastiki vya vileo vikali vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kipimo kimekufa, na neno lirudi kwenye unga na nafaka kulikotoka.

“Soko la juu” kwa duka kubwa la kujihudumia tunalitaja tu na kupita. Na Kolo milima haikosekani, msomaji asije akapanda bure. Ingetosha kuandika “dukani na mnadani”, kwani mnada katika nyanda za kati ndipo watu wanunuapo matunda yao ya msimu.

Isidhaniwe kwamba mswada hauna mema. Pale mwandishi wa asili alipotaka tunda dogo jekundu la nchi za baridi, mfasiri ameweka choya, yaani rozela, yenye wekundu na uchachu ule ule. Pale palipotakiwa kinywaji kitikiswe ndani ya chombo kilichofunikwa, ameandika “suka”, kitenzi cha wafugaji wasukao maziwa ndani ya kibuyu, na tunakiri kwamba hatukupata kukiona kikitumiwa vizuri hivyo. Amekosea tu kuita ndimu “limau” kila mahali. Limau ni kubwa na la njano, na mahitaji yaliyoandikwa ni ndimu.

Kwa kuwa ni rahisi kukosoa kuliko kuandika, tunatoa kifungu kimoja cha ukurasa wa saba jinsi tunavyodhani kingefaa kusomeka:

“Mseto wa kileo wa ukwaju (una vodka). Kwa bilauri moja: ukwaju usio na kokwa, gramu 50, maji ya moto, mililita 200, shira ya sukari na maji kwa kipimo sawa, mililita 15, vodka ya asilimia 40, mililita 30, nusu ya ndimu, barafu. Loweka ukwaju katika maji ya moto kwa dakika 20, uvuruge kwa mkono, kisha uchuje. Seta ndimu kwa mchi mdogo ndani ya chupa ya mdomo mpana. Tia mililita 90 za maji ya ukwaju, shira, vodka na barafu. Funika, usuke hata chupa ipoe mkononi, kisha umimine. Bilauri hii ina mililita 12 za alkoholi. Kwa asiyetumia kileo, weka mililita 30 zaidi za maji ya ukwaju mahali pa vodka. Hiyo itaitwa sharubati ya ukwaju, na isukwe katika chupa nyingine.”

Limebaki neno “vodka” lenyewe, ambalo mswada umeliandika kwa namna tatu: vodka, vodika na voodka. Wapo wenzetu wanaotetea “vodika” kwa hoja kwamba Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kukutana bila irabu katikati. Hoja hiyo ina nguvu, lakini tuna labda, tuna daktari, tuna hekta, na ulimi wetu haujavunjika. Iandikwe vodka, katika ngeli ya I-/ZI-, vodka hii na vodka hizi, mpaka kikao cha kusanifisha istilahi kitakapoamua vingine.