Tarakimu ya Tisa

Kuna ustadi usio na karakana wala nyundo, na labda ndiyo maana unatoweka bila kuombolezwa: ustadi wa kulifuata kosa dogo la hesabu ndani ya kompyuta hadi pale lilipozaliwa. Siku hizi programu ikijumlisha 0.1 na 0.2 ikatoa 0.30000000000000004, kijana aliyeiandika hakunji hata uso. Anaiamuru ikadirie hadi desimali mbili, mkia unafichika, kazi inaendelea. Ni kweli, hapo mashine haijaharibika. Huandika kila namba kwa sifuri na moja tu, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa njia hiyo, kama theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Lakini kijana hakuuliza. Kinachoniuma ni wepesi ule wa mkono.

Nikiuona wepesi huo humkumbuka Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati wa Chuo cha Lynchburg, Virginia, nchini Marekani. Alikuwa akizitafuta namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili kama 11 na 13, akigawanya moja kwa kila namba na kuyajumlisha majibu. Viggo Brun wa Norwei alikwisha kuthibitisha mwaka 1919 kwamba jumla hiyo haikui bila kikomo. Nicely alitaka kuijua kwa tarakimu nyingi iwezekanavyo. Jibu hilo halikuwa na soko. Mwaka 1994 aliongeza kompyuta yenye chipu mpya ya Pentium kando ya zile za zamani, na ilipofika Juni akaona hesabu hazipatani.

Hapo ndipo fundi hujulikana. Tofauti ilikuwa ndogo mno, na wengi wangeipita. Nicely alianza kwa kujishuku mwenyewe, akaipekua mantiki ya programu yake. Akaja kwenye programu iliyogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, kisha sehemu nyingine za mashine. Kila mshukiwa alihojiwa peke yake, hesabu ile ile ikirudiwa kwenye mashine za zamani na kwenye Pentium nyingine, hata Oktoba akabaki na mmoja ambaye watu hawakuzoea kumtuhumu: chipu yenyewe.

Ushahidi aliouleta hata mwanafunzi wa sekondari angeuelewa. Chukua 824633702441. Gawanya moja kwa namba hiyo, kisha lizidishe jibu kwa namba ile ile. Sharti urudi kwenye moja, au karibu nayo mno. Pentium ilitoa 0.999999996274709702. Tarakimu nane zimekaa sawasawa, ya tisa imevunjika. Kila ninapoitazama namba hii naona miezi ya subira iliyochujwa hadi ikabaki mstari mmoja. Mlalamishi wa kawaida huleta kelele. Fundi huleta mfano mmoja ambao adui yake mwenyewe anaweza kuujaribu.

Oktoba 30 aliwaandikia wenzake, na habari ikaenea. Huko California mhandisi Tim Coe aliichunguza mifano ya makosa iliyokusanywa na, pasipo kuuona mchoro wa chipu, akafikia kwa mantiki tupu namna inavyogawanya. Akatoa mfano ulio mbaya zaidi: 4195835 gawanya kwa 3145727. Jibu ni 1.33382; Pentium ilisema 1.33374. Chanzo kilikuwa jedwali ambalo chipu hulisoma inapogawanya. Nafasi tano, kati ya zaidi ya elfu moja, zilikosa namba zilizostahili.

Intel, watengenezaji wa chipu hiyo, walikuwa wamekwisha kuligundua kosa hilo wao wenyewe, wakanyamaza. Lilipofichuka, walisema mtumiaji wa kawaida angekutana nalo mara moja katika miaka 27,000. Hesabu hiyo haikumzingatia mtu makini kama Nicely. Desemba 20 walikubali kumbadilishia chipu kila aliyetaka, na gharama ikafika dola milioni 475.

Hiyo ilikuwa hasara ya fedha, na fedha hulipika. Huko Dhahran, Saudi Arabia, mfumo wa Patriot wa kuzuia makombora ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikatwa mkia ili ienee katika nafasi yake. Haba na haba, baada ya saa 100 hivi, saa yake ikapotoka kwa theluthi moja ya sekunde. Februari 25, 1991 kombora la Scud lilipita bila kuzuiwa na askari 28 wa Marekani wakafa. Kosa lilikuwa limekwisha kujulikana. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Wazee wa kazi hii hawakutuacha mikono mitupu. Kigezo cha hesabu za desimali kwenye kompyuta cha mwaka 1985, ambacho mwanahisabati William Kahan alikuwa mhimili wake, kinamwezesha mtu kurudia hesabu huku akibadili upande wa kukadiria, juu au chini, ili aone kama jibu linayumba. Zana hiyo imo katika karibu kila kompyuta tunayonunua, na nimeona wachache mno wakiishika. Nicely alifariki mwaka 2019. Vijana wetu wana akili ya kutosha kumrithi. Walichonyimwa ni muda. Wanapimwa kwa wingi wa kazi walizofunga, na mkuu wa kazi akimkuta mtu siku ya tatu anaifuata tarakimu ya tisa humwona mvivu. Mishahara, mikopo na dozi za dawa zinakokotolewa na programu hizo hizo, na anayelipwa au kutibiwa hana njia ya kujua kama aliyeziandika alilitafuta kosa au alilifunika akaenda zake.