Vidoa Vyeupe Vinavyokwenda na Pumzi

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kumwambia daktari kifua kinambana upande gani. Amelazwa chali, amelala kwa dawa, mpira umepita mdomoni hadi kwenye koo la hewa. Siku ya nne au ya tano homa inapanda, makohozi yanayonyonywa kwenye mpira yanabadilika rangi, na oksijeni iliyomtosha jana leo haimtoshi. Huenda ni nimonia ya mashine, ile inayozuka saa 48 au zaidi baada ya mpira kuingizwa. Huenda pia ni maji yaliyozidi mwilini, au kipande cha pafu kilichosinyaa, au homa iliyoanzia kwenye mpira wa mkojo. Ukimpa antibayotiki kali bila sababu unalea bakteria sugu wodi nzima. Ukimchelewesha mwenye nimonia, unaweza kumpoteza.

Eksirei ya kitandani husaidia kwa kiasi. Sahani ya picha huingizwa chini ya mgongo wa mtu asiyeweza kukaa wala kuvuta pumzi na kuizuia, na moyo, unaoonekana mkubwa kuliko ulivyo, unaficha sehemu ya chini ya pafu la kushoto. CT skani huona karibu kila kitu, ila sharti mgonjwa asukumwe kwenye korido pamoja na mashine, mtungi wa oksijeni na pampu za dawa, na mpira ukichomoka ndani ya lifti hakuna wa kulaumiwa wala wa kusaidia. Stetoskopu ndiyo inayoonewa zaidi: mlio wa mashine, maji yaliyotuama kwenye mipira yake na sauti za kifua vyote huingia sikioni kwa pamoja.

Mwaka 2004 kundi la madaktari wa Ufaransa, akiwamo Daniel Lichtenstein, lilichapisha ulinganisho uliofanywa kwa wagonjwa 32 wenye mapafu yaliyoshindwa kazi kwa ghafla, CT skani ikiwa hakimu. Katika kutambua pafu lililojaa, yaani lililopoteza hewa na kuwa zito, stetoskopu ilipatia kwa asilimia 36, eksirei 75, altrasaundi 97. Lichtenstein alikuwa akiisukuma kazi hii ya kupima pafu kwa altrasaundi tangu miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya Ambroise-Paré, Boulogne-Billancourt, jirani na Paris. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba pafu halina cha kuonesha kwenye altrasaundi kwa sababu limejaa hewa. Madaktari wa mifugo walikuwa wameshawatangulia: mwaka 1986 Norman Rantanen alikwisha kueleza jinsi utando wa pafu la farasi unavyoteleza kwenye skrini. Farasi, inaonekana, hakuwa na profesa wa kumkataza.

Hoja ya hewa ilikuwa ya kweli nusu. Sauti ya altrasaundi ikitoka kwenye nyama na kugonga hewa, karibu yote hurudi. Kwa hiyo kwenye pafu lenye afya, chini ya utando, skrini haioneshi pafu. Inaonesha mwangwi: mistari ya kulala inayojirudia kwa umbali uleule uliopo kati ya ngozi na utando. Hiyo ndiyo mistari A. Hewa ikianza kupungua na maji kuingia, hujitokeza mistari ya wima iitwayo mistari B, inayoshuka kutoka kwenye utando hadi chini ya skrini na kuifuta ile ya kulala. Hewa ikitoweka kabisa, sauti inapita na pafu lenyewe linaonekana, lenye sura ya ini, kama wapasuaji wa maiti wa karne ya 19 walivyolikuta pafu la nimonia mezani pao. Kadiri pafu linavyougua, ndivyo picha yake inavyokuwa wazi. Sijui kipimo kingine chenye tabia hii ya kupendelea wagonjwa zaidi.

Sasa mtazame anayeijua kazi. Anaishika probu, kile kishikio cha altrasaundi kinachogusa ngozi, karibu na ncha yake, kidole cha mwisho kikiegemea ngozi ili mkono usiteleze kwenye jeli, na anaisimamisha wima kati ya mbavu mbili. Anatafuta kwanza vivuli vyeusi vya mbavu, kisha mstari mweupe wa utando, unaokuwa kama nusu sentimita chini ya mbavu kwa mtu mzima. Hasogei mpaka ameuona ukiteleza. Kila upande wa kifua ameugawa sehemu sita, mbele, ubavuni na mgongoni, juu na chini, na hairuki hata moja. Za mbele ni rahisi. Za mgongoni ndizo zinazotenganisha wenye subira na wenye haraka, maana mgonjwa amezilalia. Anaomba nesi amwinue bega kidogo, anakandamiza godoro kwa mkono, anaipenyeza probu na kuielekeza juu kutokea huko chini. Kitu cha kwanza anachokisaka huku ni kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Asipokipata hatoi hukumu yoyote, kwa kuwa ini au bandama iliyopanda juu huweza kupita kirahisi kama pafu lililojaa.

Hadi hapo ni ufundi ambao mtu mwenye bidii hujifunza kwa majuma machache. Kinachofuata ni kigumu. Mtu aliyelala chali kwa siku kadhaa chini ya dawa za usingizi mara nyingi huwa na pafu lililosinyaa upande wa mgongo, nimonia iwepo isiwepo. Kwa mgonjwa aliyetoka nyumbani na kikohozi na homa, pafu lenye sura ya ini ni habari kubwa. Kwa huyu wa mashine, ni habari nusu. Nimonia na kusinyaa vimevaa nguo moja, na swali lote la tiba limekaa katikati yao.

Jibu limo kwenye vidoa vyeupe. Ndani ya pafu lililojaa, mirija ya hewa huonekana kama nukta au vijitawi vinavyong'aa, kwa kuwa bado imebeba hewa. Madaktari huiita bronkogramu ya hewa. Katika nimonia vifuko vya hewa vimejaa usaha, lakini mara nyingi mirija inayoelekea huko iko wazi, kwa hiyo mashine inaposukuma pumzi, weupe ule hukimbia kutoka ndani kwenda nje. Pakiwa na kizibo cha makohozi kilicholisinyaza pafu, hewa iliyonaswa nyuma yake haina pa kwenda. Vidoa hukaa palepale, na siku zikipita vinafyonzwa na damu na kupotea.

Kuona mwendo huo wa zaidi ya milimita moja kunadai mkono uliotulia kabisa na jicho linalofuata mapigo ya mashine. Pumzi inaingia: tazama. Inatoka: usiamue kitu. Inaingia tena. Na kuna mtego. Pafu zima hupanda na kushuka na kiwambo, hivyo tawi lisilo na hewa inayotembea linaweza kuingia na kutoka kwenye picha na kumdanganya mwenye papara. Mjuzi huizungusha probu polepole mpaka mrija ulale kwa urefu wake ndani ya picha, kutoka shina hadi ncha. Hapo tu ndipo anapoweza kusema kama hewa inatembea ndani ya mrija au mrija wenyewe ndio unaohamishwa. Kwangu mimi, nusu dakika hiyo ya kungoja ndiyo kilele cha kazi yote.

Kungoja huko kuna takwimu zake. Mwaka 2009 Lichtenstein na wenzake walieleza kwamba bronkogramu yenye mwendo ilionekana kwa wagonjwa 32 kati ya 52 wenye nimonia, na kwa mmoja tu kati ya 16 wenye pafu lililosinyaa kwa kuzibwa. Ukiiona, unaweza kuiegemea sana. Usipoiona, huna ruhusa ya kusema nimonia haipo, maana wagonjwa 20 hawakuwa nayo. Ndiyo maana kundi la Silvia Mongodi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa wagonjwa 99, liliziunganisha alama: pafu lililojaa vipande vidogo chini ya utando, bronkogramu yenye mwendo na umbo la tawi, pamoja na makohozi yenye usaha. Napenda kwamba makohozi yamo kwenye hesabu. Skrini inaonesha umbo la ugonjwa. Bakteria gani amelileta ni kazi ya maabara.

Mipaka mingine haihitaji maneno mengi. Nimonia iliyojificha katikati ya pafu bila kugusa utando haionekani, hewa iliyovuja chini ya ngozi hufunga pazia, na bandeji za upasuaji huzuia njia. Probu yenyewe, isiposafishwa pamoja na waya wake, itabeba bakteria kutoka kitanda hadi kitanda.

Mahali pasipo na CT skani ya kutosha, kazi hii ina uzito zaidi. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, watafiti walihesabu wagonjwa wa mapafu yaliyoshindwa kazi ghafla kwa kukubali altrasaundi kama ushahidi sawa na eksirei, na vigezo vyao vilivyochapishwa mwaka 2016 vinajulikana hadi leo kwa jina la mji huo. Vigezo vipya vya kimataifa vya kuutambua ugonjwa huo, vilivyochapishwa baadaye, navyo vinaikubali altrasaundi.

Baada ya dawa kuanza, probu inarudi sehemu zilezile 12. Kila sehemu hupewa alama kutoka 0, pafu lenye hewa, hadi 3, pafu lililojaa. Jumla kuu ni 36. Huko Pitié-Salpêtrière, Paris, Belaïd Bouhemad na wenzake walionesha mwaka 2010 kwamba alama za namna hii, zikilinganishwa na CT skani kabla ya antibayotiki na siku ya saba, hufuata vizuri jinsi hewa inavyorudi. Sura ya ini inamomonyoka na kuwa mistari B, mistari B inaachana, na siku moja mstari A wa kwanza unajitokeza pale mgongoni. Jumla isiposhuka, daktari haongezi siku za dawa ileile kwa mazoea. Anatuma makohozi mengine maabara na kuanza kusaka usaha uliokusanyika nje ya pafu.