Mwanya si aibu: juu ya maduka na madepo tunayojenga Lulimba

Najua wengine watasema: huyu agronomu ameacha mihogo na mahindi, leo anafundisha wajenzi. Mnivumilie kidogo. Mahindi njo yamenifikisha kwenye ukuta.

Hapa Lulimba kuna depo moja kando ya barabara. Mwanzo ilikuwa milango mitatu tu. Biashara ikakubali, mwenyewe akaongeza milango mingine mitano, ukuta wa mpya ukigusana na ukuta wa zamani. Mzee fundi aliyeshika kazi hiyo aliacha mwanya wa vidole vitatu kati ya jengo la zamani na jipya, kuanzia fondasyo mpaka juu. Mwenye depo akafika, akauona, akakasirika: "Mzee, nimekulipa unijengee nyumba, si unitengenezee njia ya panya!" Mwanya ukajazwa sementi na vipande vya matofali, lipu ikapita juu, rangi ya bluu ikamaliza. Tulisema imependeza. Hata mimi nilisema.

Mvua za kwanza ziliposhuka, upande mpya ukaanza kuzama polepole. Ufa ukatokea, tena si pale walipojaza tu. Ulipanda kama ngazi ndani ya ukuta wa zamani, ukashuka mpaka kwenye sakafu. Mwezi wa tatu maji yakaingia. Mahindi ya kina mama, yale ya mavuno ya mwezi wa kwanza, yalikuwa yamepangwa pale pale chini ya ufa. Tulipofungua magunia, joto lilitupiga mkononi na ukungu wa kijani ulikuwa umekwisha kuingia. Wote tuliosoma kilimo tunajua: mahindi ya kuweka yasipite unyevu wa asilimia 13 au 14, na ukungu wa namna ile unaweza kuleta aflatoksini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Magunia yakatupwa. Mwenye depo bado ana depo yake. Kina mama walipoteza ada za watoto.

Kwa hiyo lawama yangu ya kwanza ni hii: tunahukumu jengo kwa uso wake. Ukuta usio na mstari tunauita imara, wenye mwanya tunauita kazi mbovu. Lakini jengo linatembea. Ukilinyima nafasi uliyoichagua wewe, litajichagulia lenyewe, na litachagua vibaya.

Linatembea kwa sababu tatu, na kila sababu ina mwanya wake. Hapa njo watu wengi wanachanganya.

Ya kwanza ni joto. Zege, ile tunaita beto, ya urefu wa mita 20 ikipata tofauti ya digrii 20 inarefuka karibu milimita 4. Bati la urefu huo, ambalo jua la mchana linalichoma zaidi, likipanda digrii 40 linakaribia milimita 10. Ndiyo maana matundu ya misumari juu ya mabati yanapanuka na kuanza kuvuja. Mwanya wa joto unakata kuta, nguzo na paa, lakini fondasyo inaweza kubaki moja.

Ya pili ni udongo. Jengo la zamani limekwisha kukaa, jipya bado linashuka. Au upande mmoja una ghorofa na mwingine hauna. Au nusu iko juu ya changarawe, nusu juu ya mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi. Hapo mwanya lazima ukate mpaka fondasyo yenyewe. Ukiacha fondasyo moja, hujafanya kitu.

Ya tatu ni tetemeko. Msidhani ni habari ya mbali. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisa Kalemie kwa ukubwa wa 6.8, nyumba zikaanguka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Yenga, ikawa zamu ya Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Majengo mawili yaliyobanana yanapigana kama watu wawili kwenye pirogi moja. Mexico ilionekana wazi katika tetemeko la Septemba 1985: majengo jirani yaligongana na kuharibiana. Kanuni za Ufaransa za PS 92 zilidai mwanya wa namna hii usipungue sentimita 4, tena ubaki mtupu kabisa.

Lawama yangu ya pili ni kwetu sisi wenye lisansi. Tukiulizwa, tunafungua kitabu na kusoma: mwanya kila mita 25 mpaka 50, kulingana na hali ya hewa. Ni kweli, vitabu vya Kifaransa vya zege vinasema hivyo, lakini viliandikwa kwa maeneo ya Ufaransa. Depo zetu nyingi hazifiki mita 25. Mtu anasikia namba hiyo, anapima depo yake, anapata mita 18, anasema "basi mimi sihitaji mwanya." Amejibu swali la joto na kusahau la udongo! Kwetu, ambako jengo linakua kipande kwa kipande kadiri dola zinavyoingia, swali la kwanza si urefu. Swali la kwanza ni: mpya inakutana wapi na ya zamani?

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuweka, na huko njo tunaharibu hata pale tulipochagua vizuri. Nguzo ziwe mbili, kila upande na yake. Chuma kisivuke, hata kimoja, hata kwenye mkanda wa zege unaofunga ukuta juu. Fundi akitumia ubao au polistireni kutenga pande mbili, autoe akimaliza, na asafishe sementi iliyodondoka ndani, kwa sababu bonge moja tu linatosha kurudisha pande zote mbili kuwa kitu kimoja. Bati la kufunika mwanya lipigiliwe upande mmoja tu. Ukipigilia pande zote mbili, litachanika au litang'oa lipu. Juu ya paa, bati la upande mmoja lilalie la mwenzake bila kufungwa pamoja, maji yapite. Kwenye sakafu, ambapo mikokoteni na magunia hupita, weka bamba la chuma lililoshikwa upande mmoja, na kingo za zege ziwe ngumu zisimomonyoke. Kama kuna mastiki ya kuziba, ishike kuta mbili tu, isishike chini, la sivyo itapasuka ikivutwa.

Na panya? Mwenye depo hakukosea kuogopa. Panya, mchwa na fukusi wanapenda pa kujificha. Lakini dawa ya panya ni kifuniko kizuri na kuchungulia kila mara. Sementi haikuwa dawa. Wadudu walipata ufa mrefu kuliko ule mwanya, usiofunikika.

Sijaacha kujilaumu. Nilikuwa ninaingia depo ile, ninahesabu magunia, ninatafuta fukusi, ninapima unyevu wa punje. Ukuta sikuwahi kuutazama, eti si kazi yangu. Kumbe ghala ni sehemu ya mavuno.

Mkirudi kwenu, kama kuna ufa kwenye depo au duka la familia, msikimbilie lipu. Chora mstari wa penseli unaouvuka ufa, pima upana wake, andika tarehe, rudi baada ya mwezi, na tena baada ya mvua. Ukikuta umesogea, jengo bado linatembea, na kulifunika ni kujidanganya. Na baba au yaya wenu akitaka kuongeza milango, mumwambie mapema, kabla fondasyo haijachimbwa, maana siku hiyo mwanya ni bei ya bure karibu. Yule mzee fundi alijua hayo bila lisansi. Tulimcheka, tukamfungia mwanya wake.