Tazama Mguuni: Namna ya Kuipima Picha ya Kazi ya Mkono

Inazunguka kwenye simu za watu picha ya kofia ya mkono. Imelazwa juu ya karatasi ya marumaru ya bandia, ubavuni kikombe cha kahawa na ua la plastiki, nyuma ukungu mzito uliotiwa na simu yenyewe. Sifa zinamiminika: "picha kali", "umetisha", "hii studio kabisa". Hebu ikuzeni basi. Ukingo wa kofia umeliwa na ule ukungu, vitobo vyote vimezibwa na weupe mmoja, na kofia inaelea kama haina uzito. Aliyeishona alikaa nayo miezi, anahesabu nyuzi. Aliyeipiga amefuta kazi yote kwa kugusa kioo mara moja, na heko kapewa yeye.

Kwa hiyo nitasema wazi tunachokitazama sisi ambao tumekula chumvi kwenye kazi hii, hata kama wapo watakaonuna.

Vifaa kwanza, na nipite haraka maana hapo ndipo watu wanapopenda kujifichia. Simu ya kawaida inatosha. Dirisha moja linatosha. Ongeza karatasi mbili za manila, ya kijivu na nyeupe, kipande cha kioo cha kujitazamia, na kitu cha kuegemezea simu isitikisike; stendi ukiwa nayo ni heri, huna, rundo la vitabu. Lenzi ifute kwa kitambaa safi cha pamba kila unapoanza, kwa sababu mafuta ya kidole yakibaki pale picha nzima inakuwa na utusitusi, halafu mtu anailaumu simu. Vile vihema vyeupe vyenye taa za ndani vinavyouzwa siku hizi, waachie wauza chaja. Mwanga unaotoka pande zote hauchongi kitu. Kinyago kikitoka humo kinakuwa bapa.

Dirisha lenyewe lina maneno. Miongozo ya Ulaya inasisitiza dirisha la kaskazini, na watu wetu wanaukariri ushauri huo bila kujiuliza. Kule kwao jua halifiki kaskazini mchana, ndiyo maana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha lililokuwa zuri Januari litakuunguzia picha Julai. Sheria yetu ni rahisi zaidi: dirisha lolote ambalo jua haliingii moja kwa moja saa hiyo, na kitu kikae hatua moja au mbili kutoka hapo. Mwenye nyumba ya baraza ana bahati kuliko mwenye studio, kwani chini ya upenu saa tatu asubuhi kuna mwanga ambao hakuna taa ya kuuiga. Lakini angalia kilicho mbele ya baraza. Uwanja wa udongo mwekundu unarusha wekundu, ukuta wa jirani wa kijani unarusha kijani, bati jipya linarusha miale ya ovyo. Ukiona bakuli jeupe la jiwe la Kisii lina rangi ya waridi tumboni, usiharakishe kusema ni jiwe la aina ile ya waridi. Huenda ni uwanja tu.

Taa za ndani zizimwe. Zote. Hili halina mjadala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni hata umwoneshe kwa kidole: mguu wa kitu. Wengi wakipewa picha wanatazama uso, yaani rangi, nakshi, mng'aro. Mjuzi anashuka chini kwanza, pale bakuli linapokutana na meza, anatafuta kivuli cha mguuni. Pale pana ufito mwembamba mweusi, mweusi kuliko kitu chochote kwenye picha, unaoshikamana na kitu chenyewe. Kutoka hapo kivuli kinatawanyika, kinapauka kadiri kinavyokwenda mbali, na ukingo wake unalainika mpaka hujui umekwishia wapi. Kikiwa hivyo, kitu kimekaa na kina uzito, na mkono wako unatamani kukinyanyua.

Kivuli hicho ni shahidi asiyehongeka. Vikiwa viwili vinavyopishana, mpigaji alifungua dirisha na akaacha taa inawaka, na ukitazama vizuri kimoja kina manjano na kingine kina ubuluu. Kikiwa na ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe, hiyo ni tochi au jua la moja kwa moja. Kikiwa kimejificha nyuma ya kitu, kimebaki ufito mweusi upande mmoja tu, hiyo ni flashi ya simu, na picha hiyo haihitaji kutazamwa zaidi. Kisipokuwepo kabisa, kitu kimekatwa na programu kikabandikwa kwenye weupe.

Na kuna la ndani zaidi. Bakuli lililochongwa kwa mkono halikai sawasawa kama sahani ya kiwandani. Mahali fulani mguu wake umeinuka unywele, na mwanga unapenya chini yake, hivyo ule ufito mweusi unakatika kidogo kisha unaendelea. Kikapu cha ukili kinakatika sehemu nyingi zaidi, maana kila mshono wa chini una tumbo lake. Mkatiko huo ni sahihi ya fundi. Mpigaji hodari huinamisha simu karibu ilingane na meza ili uonekane. Mpigaji wa kubahatisha hupiga kutoka juu, akaufunika, kisha anaandika "handmade" kwa herufi kubwa ili maneno yafanye kazi iliyowashinda macho.

Alikuwepo mzee mmoja wa studio Kariakoo, wa enzi za mkanda, ambaye ukimpelekea picha alikuwa anafunika kitu chenyewe kwa dole gumba na kutazama kivuli peke yake. Kisha anakwambia: dirisha lilikuwa kushoto kwako, pazia jepesi, na sebuleni kwenu taa ilikuwa inawaka. Hakuwa mganga, alikuwa anasoma. Kijana mmoja alimletea picha ya bakuli la mpingo lililokatwa likawekwa kwenye weupe mtupu. Mzee akaitazama, akamrudishia. "Mwanangu, hili bakuli jini? Mbona halikanyagi?"

Wajanja nao wameshagundua kwamba kivuli kinadaiwa, basi wanakichora. Nimewahi kuletewa orodha ya vinyago ya mfanyabiashara mmoja, picha safi zinazong'aa, na chini ya kila kinyago kuna yai la kijivu, weusi ule ule kutoka katikati hadi ukingoni. Tembo ana yai, mzee mwenye mkongojo ana yai, twiga naye ana yai. Twiga mwenye shingo ile, kivuli chake ni cha bakuli. Na wateja walikuwa wameziandikia pongezi.

Kukipata kivuli cha kweli hakuhitaji fedha. Kitu kiwe juu ya manila iliyopandishwa ukutani bila kukunjwa, dirisha liwe ubavuni au nyuma kidogo ya kitu, kamwe lisiwe mgongoni kwako. Upande wa giza simamisha ile manila nyeupe, irudishe mwanga kidogo. Kidogo, narudia. Ukiisogeza mno, kivuli kinakufa na umerudi kwenye kihema.

Kila mali ina tabia yake, nami sitazimaliza zote. Mpingo ndio mtihani. Weusi wake unameza mwanga, hivyo ukimwagia taa zaidi unapata kijivu cha kusikitisha na vidoa vyeupe puani. Mpingo hauangazwi, unaoneshwa kitu cheupe ili ukiakisi. Weka ile manila nyeupe ubavuni, isogeze polepole, na utaona mstari mweupe unatembea juu ya shavu la kinyago, unashuka begani, unafuata mkono. Ukifika mahali ambapo mstari unalieleza umbo lote kwa mkato mmoja, piga. Simu nayo inapokutana na kitu cheusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga yenyewe, kwa hiyo gusa kinyago kwenye kioo kisha shusha ile alama ya jua dogo inayojitokeza mpaka weusi uwe weusi. Na hapa picha nzuri inafichua jambo lingine: mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Mpingo halisi unaakisi kwa upole, na mara nyingi mchongaji huacha sehemu ya ganda la njano kama pambo. Rangi ya viatu inajaa kwenye mifereji ya patasi, inang'aa pale ambapo hapakupaswa kung'aa. Pitia picha za vinyago vya soko la Mwenge ukiwa na jicho hilo, utacheka peke yako.

Ushanga unataka mwanga mpana. Jua likiupiga, kila shanga inabeba nukta nyeupe na mkufu wenye rangi sita unakuwa na rangi moja. Funika dirisha kwa shuka jeupe jepesi, basi.

Fedha ni balaa. Kikuku cha fedha ni kioo, kinakupiga picha wewe. Yule mzee wa Kariakoo alikuwa anatoboa tundu katikati ya manila nyeupe, anapitisha lenzi pale, anabaki nyuma yake. Fedha ikitazama mbele inaona weupe mtupu. Nimeona kikuku kinachouzwa bei ya juu, na katikati ya nakshi amesimama kijana na bukta yake, simu mkononi. Hakuna aliyelisema kwenye pongezi zote zile.

Kuhusu lenzi, wengi wanaikaribia kazi mpaka simu inakigusa kitu, na kwa vile lenzi ya kawaida ya simu ni pana, mdomo wa chungu unavimba na kitako kinasinyaa. Rudi nyuma, tumia ukuzaji wa mara mbili, halafu punguza kingo baadaye. Ule ukungu wa kutengenezwa uzimeni. Simu haijui tamvua la kikapu linaishia wapi, inakisia, na inapokisia inakata. Kikapu kisicho na tamvua kamili hakijapigwa picha.

Vipambo ni marufuku. Ukiniuliza kwa nini, jibu ni kwamba kikombe cha kahawa hakijawahi kusaidia kofia. Kanga chini ya kazi ya mkono pia hapana, kwa kuwa kanga ina maneno yake na itasema tu. Ubao wa mvule uliozeeka unafaa, mkeka mkuukuu unafaa, manila ya kijivu inafaa kuliko vyote. Weupe kabisa haufai. Cha kuonesha ukubwa kiwe kimoja: mkono wa mtu aliyekitengeneza, au sarafu ya shilingi 200. Mkono ni bora, na usipakwe hina kwa ajili ya picha.

Mtaniambia haya ni ya zamani. Ni kweli. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila moja ulilipia kusafisha, hivyo mtu alizunguka meza, akachuchumaa, akasogeza pazia, akangoja wingu lipite, ndipo akabonyeza. Studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa 1930, ilijenga jina kwa subira ya namna hiyo. Hata wale waliokata na kubandika walikuwa na adabu: Omar Said Bakor wa Lamu alikata picha kwa mkasi akaziunganisha upya, lakini aliyetazama alijua anaoneshwa mchezo. Leo kukata ni kwa kuficha. Mtu anapiga picha 80 za kofia moja, zote za mahali pamoja, kisha anaachia simu imchagulie.

Nirudi kwenye kofia, maana zinauzwa sana kwa picha na wengi wanaibiwa. Kofia ya mkono inapigwa mara mbili. Ya kwanza ubavuni, mwanga ukikwaruza juu ya kitambaa, ili kila kitobo kionekane kina ukingo wa uzi ulioinuka na kivuli chake ndani. Ya pili imewekwa mbele ya dirisha na kutazamwa kwa ndani, mwanga ukipita. Kazi ya mkono hapo vitobo havilingani kabisa, kimoja kimebanwa zaidi, kingine kimelala kidogo, lakini safu inakwenda. Cherehani inatoa vitobo vilivyofanana mno, au isiwe na vitobo kabisa, nyuzi zimejaziwa tu. Ndiyo maana wauzaji wa mashine wanapenda kupiga kutoka juu, kwa flashi.

Basi mkitumiwa picha ya kofia na kuambiwa ni ya mkono, msibishane bei. Mwombeni muuzaji picha moja tu zaidi, ya ndani, kofia ikielekezwa dirishani, mchana, taa zimezimwa. Haimgharimu hata dakika mbili. Akileta visingizio, mwacheni na kofia yake.