Mizizi ya Biblia katika Maadili ya Kikatoliki: Uhakiki wa Waraka Veritatis Splendor

Katika sharika za Mbeya na Iringa husikika mara kwa mara neno hili, kwamba maadili ya Kikatoliki ni amri za Roma tu, wala hayana mzizi katika Biblia. Katika mitaa kama Soweto, Mbeya, ambako Mlutheri, Mmoraviani na Mkatoliki ni majirani na mara nyingi wakwe, neno hilo huumiza nyumba za watu, hasa penye ndoa mseto. Yafaa basi tulipime kwa kuusoma waraka Veritatis Splendor, uliotolewa na Papa Yohane Paulo II tarehe 6 Agosti 1993.

Shtaka hilo, jinsi lilivyo, halisimami. Sura ya kwanza ya waraka ni tafakari ndefu juu ya kijana tajiri wa Mathayo 19. Haianzi na makatazo, bali na swali la kijana, kisha yaonyesha jinsi amri zilivyofungamana na mwito wa kumfuata Yesu. Tena yakiri kwamba mwanadamu hawezi kutii kwa nguvu zake, ila kwa neema. Mlutheri azisomapo kurasa hizo hatajiona mgeni. Hata Amri Kumi twazihesabu sawasawa na Wakatoliki, kwa kufuata mpango wa Augustino.

Udhaifu waonekana katika sura ya pili. Hapo Maandiko mara nyingine yawa kama mhuri unaogongwa juu ya hoja iliyokwisha kujengwa kwingine, yaani katika sheria ya asili na katika mafundisho ya Thomaso wa Akwino. Tuchukue Warumi 3:8. Waraka, ukifuata Humanae Vitae wa mwaka 1968, watumia aya hiyo kufundisha kwamba kuzuia mimba kwa makusudi katika tendo la ndoa ni ovu lisilohalalishwa na nia njema. Lakini Paulo pale ajitetea dhidi ya masingizio kwamba injili yake yawafungulia watu mlango wa dhambi. Aya yatukataza kutenda ovu ili jema lipatikane. Haituambii ni tendo lipi lililo ovu. Hilo lahitaji kuthibitishwa kwanza. Casti Connubii wa 1930 ulitumia habari ya Onani katika Mwanzo 38. Lakini Onani alimnyima pia nduguye marehemu uzao, na Humanae Vitae haukuegemea kisa hicho.

Kwa hiyo yatupasa kutofautisha. Mafundisho juu ya uhai, uaminifu wa ndoa na haki ya maskini yana mizizi mirefu katika Biblia. Mengine yasimama zaidi juu ya hoja za akili, na yapimwe kama hoja za akili. Kipimo hiki si chetu peke yetu: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Optatam Totius ya 1965, uliagiza kwamba theolojia ya maadili ilishwe zaidi na Maandiko.

Mchungaji aulizwapo na wanandoa juu ya uzazi wa mpango, basi, asimwambie Mlutheri kwamba mwenziwe hana Biblia, wala asimlazimishe Mkatoliki kuidharau dhamiri yake. Awaonyeshe wote wawili ni wapi Neno lasema wazi, na ni wapi wanadamu wafikiri. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, makanisa yetu yalitia sahihi Azimio la Pamoja, yakikiri kwamba twahesabiwa haki kwa neema. Waliokiri hivyo hawana sababu ya kuogopa kuisoma Mathayo 19 katika nyumba moja.