Mtambo Usomao na Majina ya Nyanza Kusini: Uhakiki wa Kiswahili cha Majibu ya Simu

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki aina ya matini isiyopata nafasi katika majarida ya lugha, yaani maneno ambayo mtambo wa simu humsomea mteja pale mwenye duka au ofisi asipopokea. Matini hayo huandikwa na mtu lakini hutamkwa na kompyuta; na kwa kuwa husikika bila kuonekana, yastahili kupimwa kwa vigezo vya utendaji simulizi sawasawa na vya sarufi. Kielelezo ni kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Kiswahili hukutana na Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kiingereza, aghalabu ndani ya sentensi moja.

Imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili ni chepesi kwa mitambo kwa sababu huandikwa kama kinavyotamkwa. Dai hilo lina ukweli wake. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walieleza mtambo wa kusoma Kiswahili uliojengwa juu ya programu ya Festival iliyotoka Edinburgh, na hapana shaka tahajia ya lugha hii iliwapunguzia kazi ambayo Kiingereza kingeidai. Leo kampuni ya Microsoft ina sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi. Hata hivyo, wepesi huo hukoma pale mtambo unapokutana na tarakimu, na simu ya biashara ni tarakimu tupu.

Na ichukuliwe sentensi "Una ujumbe mpya 3". Programu isiyojua ngeli husoma "una ujumbe mpya tatu", nomino ikiwa katika umoja na idadi katika wingi. Akiandika "jumbe mpya tatu", mwandishi hukosolewa na wasioukubali wingi huo. Njia nyepesi ni kuitoa nomino katika mtego: "Umeachiwa ujumbe mara tatu". (Ukiwa mmoja, "mara moja" huweza kusikika kama "upesi", lakini hilo ni dogo.) Lililo kubwa ni kwamba wateja ni wawili, magunia mawili na vitabu viwili, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Fundi akiujaribu mtambo kwa tarakimu 6 au 7 ataridhika nao, na kosa litajitokeza siku ya pili, au ya nane, mbele ya mteja.

Saa ina hatari zaidi. Kompyuta huhifadhi wakati kwa hesabu ya usiku wa manane. Ikisoma 14:00 kuwa "saa kumi na nne", msikilizaji hutambua papo hapo kwamba mtambo umekosea, hucheka, na hupiga simu tena. Ikisoma 2:00 ya mchana kuwa "saa mbili", hakuna kinachomshtua: sentensi ni fasaha, sarufi ni safi, na maana imepotoka kwa saa sita. Mnunuzi wa samaki aliyeambiwa hivyo kuhusu mashua itakayofika Mbita atakuwa gatini asubuhi, na mchana, mashua itakapotia nanga, atakuwa amekwisha kurudi zake. Samaki wabichi hawamngojei mtu. Sharti kanuni ya kubadili tarakimu kuwa maneno iondoe saa sita kabla sauti haijaundwa; hilo ni jukumu la mwanaisimu kabla ya kuwa la mhandisi.

Kuhusu majina, mambo ni magumu zaidi. Ndhiwa husomwa kwa "dh" ya "dhahabu", ambayo ni kikwamizo, ilhali katika Kijaluo ni konsonanti ya meno inayoanza kwa kuziba hewa. Wang'chieng' hudai mkazo na silabi funge ambazo kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho haizijui, na mitambo isiyoiheshimu ritifaa hufanya "ng'" kuwa "ng" ya "ngoma". Hali kadhalika Kijaluo, kwa mujibu wa wachanganuzi wengi, kina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, pamoja na toni zisizoandikwa kabisa. Homa Bay lenyewe ni jina la nusu kwa nusu: mtambo wa Kiswahili hutamka "Homa Bayi", na mgeni asiyeujua mji husikia habari ya ugonjwa. Programu nyingi huruhusu orodha ya matamshi kuongezwa. Orodha hiyo haiandikwi, kwa sababu aliyenunua mtambo huiona kuwa anasa.

Salamu nazo zina kasoro ya namna nyingine. "Simu yako ni ya muhimu kwetu" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Hakuna mwenye duka wa Awendo awezaye kumwambia hivyo mzee aliyesimama mbele yake. "Acha ujumbe" nayo ni amri kavu, tena yenye utata, kwani "acha" ni neno la kukataza pia. "Tafadhali tuachie ujumbe, utapigiwa" ingetosha, na ingemfaa mkubwa na mdogo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni mwenye biashara kurekodi sauti yake mwenyewe. Kwa salamu, rai hiyo ni sahihi, na ingefaa arekodi kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Lakini hawezi kurekodi kila namba, kila tarehe na kila bei. Hapo mtambo hauepukiki, na mshono baina ya sauti hizo mbili utasikika. Ni afadhali mshono huo kuliko jina la mtu kuharibiwa.

Wala haifai kudhani kwamba Kijaluo pekee kingemaliza shida. Kwenye barabara ya kutoka Migori kwenda Isebania, Mjaluo na Mkuria huuziana kwa Kiswahili, na ng'ambo ya mpaka, Sirare, Kiswahili huendelea. Mteja wa huko akisikia "saa mbili" katika simu ya duka la Migori, ataiamini.