Picha Ilipotelea Wapi?

Feni zinazunguka, taa za ubao mama zinawaka, kioo cheusi tii. Aliyejiunganishia kompyuta kwa mkono wake hushikwa na papara hapo hapo: achomoe kumbukumbu, abadilishe waya, afute Linux na kuiweka upya, yote jioni moja. Fundi mzoefu haguswi na papara hiyo. Anachotaka kujua kwanza ni giza limeingia wakati gani: kabla ya nembo ya ubao mama, au baada ya menyu ya GRUB, ile ya kuwashia mfumo?

Tuchukue mashine ya kawaida: prosesa ya Intel Core i5-12400F, kadi ya Nvidia GeForce GTX 1660, na Ubuntu.

Giza linalotangulia nembo halina uhusiano wowote na Linux. Ile herufi F mwishoni mwa jina la prosesa inatangaza kwamba ndani yake hamna sehemu ya michoro. Ubao mama una tundu la HDMI vilevile, maana umetengenezwa upokee prosesa za aina nyingi, na mgeni huchomeka waya humo kwa kuwa ndilo tundu analoliona kwanza. Hapatoki kitu. Waya ukihamishiwa kwenye kadi, nembo inajitokeza. Kwenye ubao wa kumbukumbu za DDR5, mara ya kwanza kuwasha, kioo chaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa mashine ikizipima kumbukumbu zake. Anayezima kwa haraka huilazimisha ianze upya.

Giza la pili ndilo lenye kisa. Nembo imeonekana, menyu ya GRUB imepita, kisha kioo kinazimika. Hadi hapo picha ilikuwa mikononi mwa UEFI, programu ya ubao mama wenyewe. Kerneli ikiamka huichukua kazi hiyo, kwa sababu tangu 2009 Linux imekuwa ikipanga ukubwa wa picha ndani ya kerneli yenyewe. Kwa kadi za Nvidia mzigo huangukia draiva ya nouveau, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Walioiandika walilazimika kuzichungulia kadi kwa nje na kukisia zinavyofanya kazi, kwani kampuni haikuwapa nyaraka. Ikikwama kwenye kadi fulani, usishangae. La kushangaza ni kwamba kwenye nyingine nyingi inafanya kazi.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kerneli haijafa, imekosa picha tu. Ctrl+Alt+F3 huenda ikafungua ukurasa wa maandishi. Isipofungua, washa upya, simama kwenye menyu ya GRUB, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset mwishoni mwake, kisha F10. Neno hilo huizuia kerneli isipange picha. Inabaki kutumia ile iliyoachwa na UEFI. Picha itakuwa nzito na pengine ndogo, lakini mtu anaona anachofanya. Hiyo si tiba, na wanaoliacha neno hilo humo miezi na miezi wameinunua kadi bure.

Tiba ni draiva ya Nvidia yenyewe, na hapo kuna mtego. Kama Secure Boot imewashwa na draiva inajengwa papo hapo kwenye mashine, kerneli haiikubali mpaka ufunguo wa saini yake usajiliwe. Mara ya kwanza baada ya kuiweka, hutokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 mtu abonyeze kitufe chochote. Wengi huidhani hitilafu, wanaiacha ipite, ufunguo hausajiliwi, na siku nzima inaisha wakiilaumu kadi. Amri ya lspci -k humaliza ubishi: chini ya jina la kadi itaje nvidia kama draiva inayotumika. Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, GTX 1660 ikiwemo, lakini suala la saini liko pale pale.

Tatizo la tatu si giza. Picha ipo, ila imekwama kwenye 1024 kwa 768. Monita hujitambulisha kwa kadi kupitia kifurushi kidogo cha data kiitwacho EDID, ambacho kipande chake cha msingi kina baiti 128. Adapta ya bei poa ya kutoka HDMI kwenda VGA, inayowasindikiza wanunuzi wengi wa monita za mtumba, huweza kukipoteza njiani. Chini ya /sys/class/drm kila tundu lina folda yake. Faili la edid likisomwa likawa tupu ilhali status inasema connected, badilisha adapta kabla ya kugusa draiva.

Kuna pia tatizo ambalo mwenye mashine hawezi kulitatua kwa amri yoyote. Februari 2024 ilijulikana kwamba HDMI Forum, chombo kinachosimamia kiwango cha HDMI, imekataa ombi la AMD la kutekeleza HDMI 2.1 ndani ya draiva yake huria. Mwenye kadi ya AMD ya Radeon na televisheni ya 4K iliyotakiwa kwenda herzi 120 alijikuta amebanwa kwenye 60, isipokuwa akubali kupunguziwa rangi. Kwa monita dawa ni rahisi: waya wa DisplayPort. Televisheni nyingi hazina tundu hilo.